Pori lina mwenyewe: wanyama, njaa na ujirani kati ya Lualaba na Lomami

Jamaa nyingi zitakazosoma ukurasa huu zilifika Kindu zikitoka mashariki: Kabambare, Salamabila, Pangi, na nyingine kutoka Kivu. Zilifika Alunguli kwa miguu au kwa pikipiki, zikavuka Lualaba, zikatafuta ndugu, kanisa au msikiti wa kuzipokea. Majuma ya kwanza mwenyeji hugawa sombe na ugali wake bila kuhesabu. Baadaye hesabu inaanza. Shamba la mgeni halipo, kazi ya kubeba mizigo haiwatoshi wote, na watoto hawajaona nyama wala samaki siku nyingi. Ndipo mtu anamwambia baba wa jamaa: upande ule wa magharibi kuna pori kubwa, nunua waya, nenda.

Makala hii inaeleza kuna nini katika pori hilo, ni nani mwenye neno juu yake, na kwa nini mtego wa waya unaweza kuharibu ujirani uliojengwa kwa miezi mingi. Tunawaandikia wale waliohama. Tunawaandikia pia makapita, machifu na wajumbe wa kamati za amani, kwa sababu magomvi ya nyama ya pori huwafikia wao kabla ya kumfikia polisi.

Kuna nini upande wa Lomami

Ukitoka Kindu kuelekea kaskazini-magharibi, mto Lomami unapita kati ya Lualaba na Tshuapa. Upande wa kusini kuna savana, mabaka ya nyasi ndefu yaliyozungukwa na miti. Ukiendelea kaskazini pori linakuwa zito, na vijiji vinakuwa vichache. Zamani watu wa Kindu walilijua eneo hilo kwa jambo moja hasa: baiskeli zilizotoka huko zikiwa zimesheheni nyama iliyokaushwa kwa moshi.

Mwaka 2007 kikundi cha watafiti Wakongomani na wageni, kikiongozwa na John na Terese Hart, kilianza kulitembea pori hilo kwa miguu, kambi baada ya kambi. Walikuta bonobo, okapi, tembo na aina nyingi za nyani na kima. Mwaka huohuo, mjini Opala, waliona nyumbani kwa mkuu wa shule ya msingi kima mdogo aliyefugwa ambaye hakuwa katika kitabu chochote cha wataalamu. Ana uso mrefu, macho yanayofanana na ya mtu, na dume lake lina makalio ya rangi ya buluu. Uchunguzi uliendelea miaka mitano, na Septemba 2012 ikatangazwa kwamba ni aina mpya. Kwa muda wa miaka 28 ilikuwa ni mara ya pili tu kwa kima mpya kutambuliwa katika Afrika. Wa kwanza alikuwa kipunji wa Tanzania. Jina lake la kitaalamu limetokana na mto Lomami. Lakini wawindaji wa huko hawakushangaa. Wao walikuwa wakimwita lesula tangu zamani, na ndilo jina analoitwa sasa duniani kote. Tunalitaja hili kwa sababu mara nyingi husemwa kwamba watu wa kijijini hawajui thamani ya wanyama wao. Walimjua, hakuna aliyekuwa amewauliza.

Mwaka 2013 majimbo mawili, Maniema na Orientale ya wakati ule, yalikubali mipaka ya mbuga. Julai 2016 serikali ya Kinshasa ikaitangaza rasmi kuwa Mbuga ya Taifa ya Lomami, ya tisa katika nchi yetu. Ina ukubwa wa kilomita za mraba karibu 8,900, sehemu ikiwa Maniema na sehemu ikiwa Tshopo. Anayeisimamia ni ICCN, yaani taasisi ya serikali ya kulinda wanyama na mbuga. Kuizunguka kuna ukanda wa nje, ambamo vijiji vipo, watu wanalima, wanavua na kuwinda kwa kanuni. Tofauti kati ya mbuga yenyewe na ukanda wa nje ndiyo inayowachanganya wageni wengi, nasi tutairudia.

Kwa nini nyama inakwisha

Mzee anayesema kwamba zamani mnyama alipatikana nyuma ya nyumba hadanganyi. Sababu yake iko katika uzazi. Simbiliki jike anaweza kuzaa mara mbili kwa mwaka, watoto wanne hivi kila mara. Ukiwawinda kwa kiasi mwaka huu, mwakani utawakuta tena. Okapi hubeba mimba miezi kumi na minne au zaidi, kisha huzaa mtoto mmoja. Tembo hubeba miezi 22. Bonobo jike huzaa mtoto mmoja kila baada ya miaka minne au mitano, akamlea kama mama anavyomlea mtoto wake. Kwa hiyo kijiji kinachoua bonobo watano kwa mwaka kinaweza kumaliza kundi zima kabla mtoto aliyezaliwa leo hajaanza shule.

Jambo la pili ni chombo. Babu zetu walitega kwa kamba za miti na za mimea. Kamba ilioza baada ya mvua chache, na mtego uliosahauliwa ukafa wenyewe. Waya na nailoni haviozi upesi. Mtu akitega mitego hamsini, kisha akaugua au akahama tena kwa ajili ya vita, mitego yake inaendelea kuua bila mwenyewe kula kitu. Mnyama anaozea pale. Tena mtego hauchagui: uliotegewa mboloko unashika mguu wa okapi au mkono wa bonobo mtoto.

Jambo la tatu ni bunduki ya vita. Kalibre 12 ya fundi wa kijijini inaua mnyama mmoja kwa risasi moja, na risasi ni ghali. Kalashnikov imeingia porini pamoja na watu wasio wa kijiji, na tembo ndio waliolipa kwanza.

Hapa inafaa tukumbuke yaliyotupata sisi wenyewe. Kindu ilichukuliwa na waasi wa RCD Oktoba 1998. Mpaka 2003 pande za mji zilikuwa mikononi mwa Mai-Mai, reli ilisimama, chumvi ikawa kama dhahabu, na watu wengi wa hapa ambao leo wanawapokea wakimbizi walikuwa wakimbizi porini wakati ule. Walikula walichopata. Hakuna wa kuwalaumu. Lakini katika miaka hiyohiyo, wakati bei ya koltani ilipopanda sana mwaka 2000, maelfu ya wachimbaji waliingia sehemu ya chini ya mbuga ya Kahuzi-Biega, na nyama iliyowalisha ilitoka palepale. Sokwe wakubwa wa mashariki mwa Kongo, wanaoitwa gorila wa Grauer, walikadiriwa kuwa karibu 17,000 katikati ya miaka ya 1990. Makadirio ya mwaka 2021 yalitaja 6,800. Njaa ya vita ilipita, lakini wanyama hawakurudi kwa hesabu ileile.

Mwenye pori ni nani?

Kwa sheria ya mwaka 1973 ardhi ya Kongo ni mali ya serikali. Kwa desturi kila kipande cha pori kina ukoo unaokijua, hata kama hakina nyumba hata moja. Kijito hiki ndicho mpaka, mti ule ndipo walipozikwa wakubwa, bwawa lile linavuliwa na wanawake wa ukoo fulani wakati wa kiangazi. Mgeni anayepita haoni alama yoyote, akadhani pori ni la Mungu tu. Ndipo kosa linapoanza.

Mipaka ya mbuga ya Lomami haikuchorwa ofisini peke yake. Kabla ya 2013 vijiji viliitwa vikutane, na wazee wa makabila ya huko, Wambole, Walanga, Wangengele na wengine, walifanya tambiko ili kuwaarifu wahenga kwamba sehemu hii ya pori itaachwa ipumzike. Wapo wanaocheka mambo hayo. Sisi tunadhani yalikuwa na maana kuliko kibao cha chuma, kwa kuwa mpaka uliotamkwa mbele ya wazee unajulikana hata na asiyesoma. Hata hivyo tusipambe habari. Vipo vijiji na kambi za wawindaji zilizopoteza mahali pa kuwinda, na wapo wanaouliza mpaka leo walipata nini badala yake. Swali hilo ni la haki, na kiongozi wa amani hapaswi kulizima.

Angalieni yaliyotokea pale watu wasipoulizwa. Mbuga ya Kahuzi-Biega ilianzishwa mwaka 1970, na katika miaka iliyofuata Wabatwa waliokuwa wakiishi ndani yake walifukuzwa bila kupewa ardhi nyingine. Mwaka 2018 baadhi yao walirudi kwa nguvu. Kukatokea mapigano na walinzi, watu wakafa, vijiji vikachomwa, na katika vurugu hizo miti mingi ikakatwa kwa makaa. Mwaka 2024 ilitangazwa hukumu ya Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na za Watu: Wabatwa walikuwa wamedhulumiwa. Miaka hamsini ya chuki, na msitu haukupona. Tangu Julai 2022 nchi yetu ina sheria inayolinda haki za Wabambuti na Wabatwa, na Maniema nako wako. Makapita wasisahau kuwaita wakati wa kuzungumzia pori.

Ugomvi unavyozaliwa

Tuchukue mfano wa baba mmoja aliyepokelewa katika kijiji cha teritwari ya Kailo. Ametoka mbali, ana watoto wanne. Mwenyeji wake amempa nyumba ya jikoni kulala, na kipande kidogo cha kupanda mihogo ambayo haitakomaa kabla ya mwaka kupita. Anatega waya. Juma la kwanza anapata mboloko wawili. Mmoja wanakula, mwingine mke wake anauza kando ya njia. Juma la pili vijana wa ukoo wanakuta mitego yake karibu na bwawa lao. Hawamwendei. Wanaiondoa usiku, na yeye anadhani ameibiwa. Sokoni mwanamke mmoja anasema wakimbizi wanamaliza nyama ya kijiji. Mwingine anajibu kwamba wenyeji wanakula msaada wa wakimbizi. Siku ya tatu panga linatolewa.

Ukichunguza, hakuna kati yao aliye mbaya. Mgeni hakuambiwa ni wapi atege. Vijana hawakuambiwa kwamba atatega. Kapita alimpokea mgeni kwa nyumba lakini hakumpokea kwa pori. Na huko mbele yuko mfanyabiashara wa mjini aliyempa mgeni waya na risasi kwa mkopo, ili alipwe kwa nyama. Huyo hatajwi na mtu katika ugomvi wote, ingawa faida kubwa ni yake. Kamati za amani zinazosikiliza mashauri ya namna hii zingefanya vema kuuliza mapema: waya ulitoka kwa nani?

Desturi ya Maniema inayo dawa, nayo si ngumu. Mgeni anakwenda kwa kapita pamoja na mwenyeji wake, na kuku au chochote alicho nacho, anaomba njia. Kapita anaita wenye pori. Wanamwonyesha upande atakaowinda, upande asiokanyaga, idadi ya mitego, na sehemu ya mnyama itakayopelekwa kwa mwenye pori. Yote yanasemwa mbele ya watu, wanawake wakiwepo, maana wao ndio wanaouza nyama na kuvua mabwawa. Pakiwa na mwalimu au katekista, aandike karatasi. Jamaa mpya zikifika, mkutano urudiwe. Mapatano ya mwaka jana hayamfungi mtu asiyeyasikia.

Kwa vijiji vya nje ya mbuga kuna pia njia ya sheria. Kodi ya misitu ya Agosti 2002 na amri ya 2 Agosti 2014 zinairuhusu jamii kuomba msitu wake wa desturi uandikwe kwa jina lake, hadi hekta 50,000. Kazi yake ni ndefu, inataka ramani na mikutano mingi. Lakini kijiji chenye karatasi yake kinaweza kupanga kanuni, pamoja na neno juu ya wageni, bila kungoja mtu wa Kindu.

Yaliyokatazwa, na yasiyokatazwa

Ndani ya mbuga hakuna kuwinda, kutega, kulima wala kuchimba. Hapo hakuna ruhusa ya kapita inayofaa kitu, na mgeni aliyeuziwa ruhusa ya namna hiyo ametapeliwa.

Nje ya mbuga, mnyama wa kawaida anaweza kuwindwa kwa kanuni, lakini si wakati wote. Sheria ya uwindaji ya 28 Mei 1982 inaipa serikali ya jimbo uwezo wa kufunga uwindaji kwa miezi fulani ili wanyama wazae. Tarehe waulizeni watu wa ofisi ya mazingira, kisha kapita azitangaze baada ya sala na sokoni. Kuna wanyama ambao wamekatazwa mahali popote na mwaka mzima: tembo, okapi, bonobo, sokomutu, gorila, na wengine walio katika orodha ya serikali, kama kakakuona. Sheria ya 11 Februari 2014 imeongeza adhabu zake, zikiwa ni pamoja na kifungo. Kukutwa na mtoto wa bonobo aliyefungwa kamba nyumbani ni kosa, hata kama hukumuua mama yake wewe. Na fahamuni kwamba mtoto huyo hapatikani bila mama yake kuuawa.

Mtu wa jamaa yenu akikamatwa, kiongozi wa wakimbizi afuate shauri kwa utulivu. Aulize amekamatwa wapi hasa, ndani ya mbuga au nje. Aulize kama maandishi ya mashtaka, ile PV, yameandikwa, na yanasema nini. Faini yoyote halali ina risiti. Pakiwa na kupigwa au kunyang'anywa baiskeli bila maandishi, jambo hilo nalo liandikwe, tarehe na mahali, lipelekwe kwa mkubwa wa walinzi au kwa mwendesha mashtaka. Vijana wasiende kumtoa mtu kwa nguvu. Mlinzi ana bunduki, na siku hiyo si mnyama atakayekufa.

Kitoweo kitatoka wapi basi? Hatuna jibu moja. Kuku na dende huzaa haraka na hawataki shamba kubwa. Samaki wa Lualaba bado wapo, ingawa nyavu za matundu madogo zinawamaliza wachanga. Maharagwe na viwavi vya msimu wake vina nguvu sawa na nyama. Mashirika yanayogawa msaada Maniema hutoa unga na mafuta zaidi kuliko mbegu ya maharagwe au kuku watano wa kuanzia, nasi tunaona hapo pana kosa: jamaa yenye unga bila kitoweo itaenda porini tu. Viongozi wanaokaa katika mikutano ya mashirika walisemee hili.

Magonjwa, na kasuku

Mwaka 1996 na 1997 watu wengi waliugua mpox katika eneo la Katako-Kombe, jirani zetu wa Sankuru, na Agosti 2024 ugonjwa huohuo ulitangazwa kuwa hatari ya dunia nzima. Wanyama wa porini, hasa wadogo kama panya na kindi, huweza kumpa mtu ugonjwa huo, ukaendelea kutoka mtu hadi mtu katika nyumba zenye msongamano, kama zilivyo nyumba nyingi za wakimbizi. Msiokote mnyama mliyemkuta amekufa. Anayechinja asiwe na kidonda mikononi, anawe kwa sabuni, nyama iive mpaka ndani, na watoto wasichezee ngozi wala kichwa. Mwenye homa na vipele aende kituo cha afya siku hiyohiyo.

Mwisho, kasuku wa kijivu. Kindu ina wilaya nzima ya mji yenye jina Kasuku, lakini ndege mwenyewe anazidi kuwa adimu. Hunaswa kwa ulimbo uliopakwa kwenye matawi anapotua, manyoya ya mabawa hukatwa, kisha husafirishwa katika vikapu, wengi wakifa njiani. Oktoba 2016 nchi za mkataba wa CITES zilimweka katika orodha ya juu kabisa, ile inayofunga biashara ya kimataifa ya ndege waliokamatwa porini. Vijana waliohama huahidiwa pesa kwa kila kasuku, wao ndio wanaopanda mti, na wao ndio wanaokutwa na kikapu kizuizini. Mnunuzi anakuwa amekwishaondoka na ndege ya jioni. Mkipata kasuku aliyejeruhiwa au aliyeachwa na wafanyabiashara, msimng'oe ulimbo kwa mkono. Mwekeeni maji na chikichi mahali penye kivuli, mpelekeni habari mtumishi wa ICCN au wa ofisi ya mazingira mjini, naye kapita wa mtaa ajue kwamba ndege huyo hakukamatwa na ninyi.